Kabla hujafungua hiyo chupa

(Hotuba niliyoitoa kwenye mafunzo ya wahudumu wa hoteli na baa. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, ndo maana imekaa kimaongezi.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamjaguswa na hizo mbili, habari za mchana. Wakubwa wangu wa meza kuu, shikamooni.

Nimepewa saa moja niongelee shampeni, ule mvinyo wa mapovu wa Ufaransa, na mratibu kanionya mapema nisije nikageuza semina kuwa harusi, kwa hiyo leo hakuna kuonja, poleni sana mliokaa viti vya mbele kwa ajili hiyo. (Kicheko.) Alafu najua humu ndani kuna wengi hawanywi, wengine dini haiwaruhusu, wengine wameamua tu, na mi sina neno na mtu. Ila mgeni akikaa mezani kwako akaagiza chupa ya laki kadhaa, wewe ndo unaibeba, wewe ndo unaifungua, na akikuuliza hii kitu ina nini hasa mpaka iuzwe bei hii ukabaki unachekacheka tu, hapo aibu sio yako peke yako ni ya nyumba nzima. Kuijua sio kuinywa.

Sasa jibu ambalo wengi mmeshalishika, nimelisikia hata pale nje wakati wa chai, ni kwamba kulikuwa na mtawa mmoja kipofu wa Ufaransa anaitwa Dom Pérignon, siku moja mvinyo wake ukatoa mapovu kwa bahati, akaonja, akaita wenzake kwamba njooni upesi nakunywa nyota. Naomba hiyo tuiache hapa hapa. Pierre Pérignon alikuwepo kweli, alikuwa msimamizi wa stoo na mashamba ya monasteri ya Hautvillers kuanzia mwaka 1668 mpaka anafariki 1715, na alikuwa fundi hasa. Lakini hayo ya nyota yametengenezwa na watu wa matangazo karne ya 19, yeye keshaoza zamani. Na kingine ambacho hakiandikwi kwenye vipeperushi ni kwamba yeye mapovu alikuwa hayataki. Kwake ilikuwa ni kasoro, mvinyo ulioharibika, na alihangaika kuyazuia.

Kwa hiyo mapovu yametoka wapi? Yametoka kwenye baridi. Champagne, ambako jina shampeni limetoka, ni mkoa, uko mashariki ya Paris kama kilomita 150 hivi, miji yake mikubwa ni Reims na Épernay, na ni karibu na mwisho wa kule ambako mzabibu unaweza kuzaa zabibu za maana. Wastani wa joto kwa mwaka mzima ni nyuzi kama 11 tu. Dodoma hapa kwetu mkulima anavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kule ni mara moja, na hiyo moja yenyewe mpaka baridi ya mwezi wa nne isije ikachoma machipukizi. Sasa wanavuna Septemba, juisi inaanza kuchachuka vizuri, mara Novemba hiyo baridi imeingia, hamira inasinzia kabla haijamaliza sukari. Watu wanaona kimya wanadhani mvinyo umeshaiva, wanaziba. Ikifika Machi Aprili joto linarudi, hamira inaamka inaendelea kula ile sukari iliyobaki, na kila inapokula inatoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Basi. Hiyo ndo siri yote, haikuwa na mvumbuzi, ilikuwa ni usumbufu wa kila mwaka.

Na wa kwanza kuupenda huo usumbufu, hapa Wafaransa huwa wananuna, walikuwa Waingereza. Mvinyo ulikuwa unapelekwa London kwenye mapipa, kule wenyewe wanautia kwenye chupa, na chupa zao zilikuwa nene kuliko za Ufaransa kwa sababu ya serikali kuogopa kuishiwa mbao za meli za kivita. Mwaka 1615 mfalme James wa Kwanza alipiga marufuku viwanda vya vioo kuchoma kuni, wakahamia makaa ya mawe, makaa yana moto mkali zaidi, kioo kikatoka kigumu. Hivyo mvinyo ukianza kuchemka ndani chupa inahimili. Mwaka 1662 daktari mmoja wa Kiingereza, Christopher Merret, akasoma andiko mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza kwamba wafanyabiashara wa mvinyo walikuwa wanaongeza sukari makusudi ili uchangamke utoe povu. 1662! Pérignon hajafika hata Hautvillers, kafika miaka sita baadae.

Ufaransa yenyewe ilichelewa kwa sababu ya sheria, mvinyo ulikuwa hauruhusiwi kusafirishwa kwenye chupa, mapipa tu, na mapovu kwenye pipa yanakwisha. Mfalme Louis wa 15 akafungua mlango mwaka 1728, na mwaka uliofuata tu, 1729, ikaanzishwa Ruinart, nyumba ya kwanza ya shampeni, yani kampuni ya kuitengeneza, Moët ikafuata 1743. Mnaona majina hayo kwenye rafu zenu, sasa mnajua yana umri gani.

Lakini msidhani ndo mambo yakawa mteremko. Ndani ya chupa ya shampeni presha ni kama mara tatu ya tairi la gari dogo, na enzi hizo hakuna aliyejua kupima sukari kiasi gani inaleta presha kiasi gani, ni kukisia tu. Chupa moja ikipasuka inapasua jirani yake, jirani anapasua mwingine, mwaka mbaya mtu anapoteza sehemu kubwa ya mzigo wake wote. Wafanyakazi wa mahandakini walikuwa wanavaa vinyago vya chuma usoni kulinda macho, yani unakwenda kazini kuhudumia mvinyo umevaa kama unakwenda vitani. Aliyewaokoa alikuwa mfamasia wa mji wa Châlons, Jean-Baptiste François, mwaka 1836 akatoa njia ya kupima sukari iliyobaki kwenye mvinyo ili ujue uongeze kiasi gani. Chupa zikapungua kupasuka, macho yakapona. Mi huyu mfamasia namheshimu kuliko wafalme wote wa Ufaransa, na hakuna chupa hata moja maarufu yenye jina lake.

Twende kwa mjane. Ile lebo ya rangi ya chungwa mnayoijua, Veuve Clicquot, ni mwanamke wa kweli, Barbe-Nicole Ponsardin, alizaliwa 1777 Reims. Mumewe akafariki 1805, yeye ana miaka 27 na mtoto mmoja wa kike, na biashara yenyewe haijasimama. Sheria za Ufaransa wakati huo mke aliyeolewa hana ruhusa ya kuendesha biashara bila mume kukubali, lakini mjane anaweza, kwa hiyo ule ujane ndo ukawa leseni yake. Akamwambia baba mkwe nipe hela niendelee. Vita vya Napoleon vimefunga masoko kila upande, kakaa karibu anafilisika, na 1814 vita vilipokuwa vinaelekea kuisha yeye hakungoja kibali, akapakia chupa zaidi ya 10,000 kwenye meli kuelekea Urusi kimya kimya kabla wenzake hawajashtuka. Warusi walikuwa na kiu ya miaka, mzigo ukaisha, jina likakaa mpaka leo.

Ila mi ninachotaka mkikumbuke kuhusu huyu mama sio ile meli, ni meza. Subirini, lazima kwanza niwaeleze inavyotengenezwa, mtaielewa.

Zabibu ni tatu hasa, mbili nyeusi, Pinot Noir na Meunier, na moja nyeupe, Chardonnay. Mgeni akiuliza mbona zabibu nyeusi mvinyo mweupe, mwambie rangi iko kwenye ganda, ndani juisi haina rangi. Ndo maana zinavunwa kwa mkono zote, mashine haziruhusiwi kisheria, shada linatakiwa lifike zima, na zinakamuliwa haraka na taratibu kabla ganda halijaachia rangi. Na kukamua kwenyewe kuna kipimo, kilo 4,000 za zabibu unaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu, ukiendelea kukamua kinachotoka hakiruhusiwi kuitwa shampeni.

Juisi inachachuka mara ya kwanza inakuwa mvinyo wa kawaida, mkali wenye ukakasi wa ndimu, hauna povu, kusema ukweli hauvutii. Alafu fundi anakaa na sampuli kadhaa wa kadhaa, za vijiji tofauti, za miaka tofauti, anachanganya mpaka apate ladha ya nyumba yake, ile ambayo mteja wa mwaka jana akiionja mwaka huu haoni tofauti. Hapa ndo Pérignon anastahili sifa zake, kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali na kupata juisi nyeupe safi kwenye zabibu nyeusi, hiyo kazi aliifanya vizuri sana. Wangemsifia kwa hilo ingetosha.

Mchanganyiko ukishakuwa tayari unatiwa kwenye chupa, pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, inafungwa, inashushwa chini. Soda inapigwa gesi kiwandani, hii gesi yake inazaliwa ndani ya chupa hiyo hiyo mtakayoiweka mezani. Na huko chini ni mahandaki kweli. Reims imekaa juu ya mwamba wa chaki, watu wa zamani walichimba mawe ya kujengea wakaacha mashimo makubwa, nyumba za shampeni zikayageuza stoo, baridi yake haibadiliki kiangazi wala kipupwe. Kwa Pommery unashuka ngazi 116. Chupa inalala huko, sheria inasema isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo isipungue miezi 15, na yenye mwaka isipungue miaka mitatu, na nyumba nyingi zinapitiliza hapo. Hamira ikimaliza sukari inakufa, inakaa chini kama mashapo, na hayo mashapo polepole yanauachia mvinyo ile harufu ya mkate uliotoka kwenye oveni. Mgeni akisema ananusa mkate, hajalewa, yuko sahihi.

Tatizo sasa. Una chupa nzuri, ina povu, ina harufu, lakini ndani ina mashapo, ukimimina inatoka kama maji ya mtoni. Utayatoaje bila kupoteza gesi? Zamani walikuwa wanahamisha kutoka chupa hii kwenda nyingine, gesi inatoka, hasara. Huyu mjane Clicquot na mkuu wake wa stoo, Antoine Müller, mwaka 1816 hivi wakaja na meza yenye matundu, chupa unaichomeka shingo chini, kila siku unaizungusha kidogo unaipa mtikiso, mashapo yanateremka yenyewe mpaka yanakaa juu ya kizibo. Meza baadae ikawa mbao mbili zilizoegemeana, kila ubao matundu 60.

Nataka mlione hili kwa karibu. Fundi anasimama mbele ya ubao, anashika vitako vya chupa viwili kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto, tik, anazungusha robo au moja ya nane, anaangalia alama ya chokaa nyeupe iliyopakwa chini ya chupa ajue ilipofika, anahamia mbili nyingine. Na kila baada ya siku kadhaa anaisimamisha zaidi kidogo, mpaka mwisho inakuwa imepinduka kabisa. Fundi mzoefu anazungusha chupa 40,000 kwa siku. Arobaini elfu, kwenye baridi ya nyuzi kumi na moja, taa hafifu, peke yake. Inachukua kama wiki sita. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na kreti za mashine zinazojizungusha, chupa 504 kwa mpigo, wiki moja kwisha habari, na wanasema ladha haina tofauti, mi nawaamini, ila bado zipo nyumba zinazofanya kwa mkono baadhi ya chupa zao.

Mashapo yakishakaa shingoni, shingo inatumbukizwa kwenye kimiminika chenye baridi ya kama nyuzi 25 chini ya sifuri, kinaganda kipande cha barafu kimeshika uchafu wote, wanafungua, presha inakirusha nje, pop, chupa imebaki safi. Ile nafasi iliyobaki inajazwa mvinyo kidogo wenye sukari, na hapo ndo yanapatikana yale maneno ya kwenye lebo. Brut ni chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Brut sukari yake haizidi gramu 6, Demi-Sec ni tamu, 32 mpaka 50. Na Extra Dry angalieni sana, ina sukari nyingi kuliko Brut, 12 mpaka 17, hilo linawachanganya hata mameneja. Zamani karibu yote ilikuwa tamu, Warusi waliitaka tamu kupita kiasi, Waingereza ndo walitaka kavu, yani isiyo na utamu, na aliyewasikiliza alikuwa mjane mwingine, Louise Pommery, akatoa Brut ya mavuno ya 1874 ikawashika. Wajane wawili wamebeba biashara nzima, akina kaka mpo? (Kicheko.)

Sasa upande ambao haumo kwenye matangazo. Wakulima wa zabibu na wenye majina ya kwenye lebo mara nyingi ni watu tofauti, wakulima wako kama 16,000, nyumba kubwa zinanunua zabibu kwao, na uhusiano wao haujawahi kuwa wa asali siku zote. Mwaka 1910 mavuno yalikufa karibu yote, na kabla ya hapo wadudu wa phylloxera walishaanza kumaliza mizizi, na wakati huo huo wafanyabiashara wengine walikuwa wanaleta zabibu za bei chee kwa treni kutoka mikoa mingine wanauza kwa jina la Champagne. Mwaka 1911 wakulima wakasema imetosha. Waliingia mji wa Aÿ mwezi wa nne wakavunja stoo, mvinyo ukatiririka barabarani, majengo yakachomwa, serikali ikaleta jeshi. Sheria zote zinazolinda hilo jina leo, mipaka ya mashamba ya 1927, ile hati rasmi ya 1936, zina mizizi kwenye zile hasira.

Alafu miaka mitatu baadae vita kuu ya kwanza. Kanisa kuu la Reims, ambalo wafalme wa Ufaransa walikuwa wanatawazwa humo, likaungua Septemba 1914 kwa mizinga ya Wajerumani, na watu wa mjini wakahamia kwenye yale mahandaki ya shampeni, wakaishi humo, watoto wakasomea humo. Juu mizinga inapigwa na mavuno yanaendelea, akina mama, wazee na watoto, kwa sababu wanaume wako vitani. Wapo waliokufa wakivuna.

Na sio mambo ya zamani tu. Mavuno ya 2023 wakaguzi wa kazi walikuta wavunaji zaidi ya 50, wengi wametoka Afrika Magharibi, hawana vibali, wamelazwa kwenye nyumba chafu isiyofaa binadamu, chakula cha shida. Kesi ikaenda mahakamani Châlons-en-Champagne, mwaka 2025 watu watatu wakatiwa hatiani kwa usafirishaji haramu wa binadamu. UNESCO waliyaweka mashamba, nyumba na mahandaki ya huko kwenye urithi wa dunia 2015, na vinastahili, mi napenda kila kitu cha kule. Lakini mkulima ana sauti, nyumba ina sauti, mvunaji wa wiki mbili hana.

Kwa hiyo bei. Tufanye hesabu ya haraka. Lita 2,550 ni chupa 3,400, maana yake kila chupa imekula kama kilo moja na robo ya zabibu kasoro kidogo, na kilo moja kule miaka ya karibuni ni kama euro 6 mpaka 7. Zabibu peke yake ni euro 7 au 8, hujalipa chupa nene, kizibo, miaka ya kulala chini, watu wa kuvuna kwa mkono. Baada ya hapo kuna jina, na jina wanalitoza vizuri tu, msimfiche mgeni hilo. Akitaka kitu kilichotengenezwa kwa njia ile ile kwa bei nafuu, mwoneshe Cap Classique ya Afrika Kusini, wameanza 1971 Stellenbosch kwa Simonsig, chupa inachachuka mara ya pili ndani vile vile. Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia, ni nzuri lakini nyingi inachachushwa kwenye tangi kubwa, ni kinywaji kingine, usimwambie mgeni ni shampeni ya Italia.

Namalizia na mikono yenu. Ndoo iwe na barafu NA maji, barafu tupu haipozi shingo vizuri, dakika kama 30, ifike nyuzi 8 mpaka 10. Usitie friza ukasahau. Toa karatasi, weka dole gumba juu ya kizibo na lisitoke hapo tena, fungua waya, ni nusu mzunguko mara sita. Inamisha chupa, isimwangalie mtu, shika kizibo kwa nguvu alafu zungusha CHUPA, sio kizibo. Ikisukuma unaizuia kidogo kidogo, itoe pumzi tu, isipige risasi. Kizibo kinatoka na kasi ya kupofua mtu, hili sitanii.

Kuna kaka aliuliza mbona madereva wa mbio za magari wanaitikisa wanamwagiana. Hiyo imeanza Le Mans, 1967, Dan Gurney alishinda akaanza kuwamwagia waliokuwa pale jukwaani, ikashika mpaka leo. Mgeni akitaka kufanya hivyo mpeleke nje kwenye nyasi, na bili iwe imeshalipwa.

Na dada wa nyuma kauliza kama kijiko cha fedha kikiwekwa kwenye mdomo wa chupa kinazuia gesi isiishe. Hapana dada yangu, kijiko hakifanyi chochote, kinachosaidia ni ubaridi wa friji. Nunueni vile vizibo maalum vyenye mikono miwili ya kubana, rudisha chupa kwenye friji, kesho bado itakuwa na uhai.